Murumbi na Haki ya Jirani

Mtu akiwa Sarang'ombe, katika Kibera jijini Nairobi, hatembei sana kabla hajaifikia reli ya kwenda Uganda. Hiyo si reli ya kutazamwa kwa mbali. Inapita karibu na milango ya watu. Kandoni mwake akina mama hupanga mafungu ya nyanya na sukumawiki, watoto huifuata wakienda shule, na gari moshi likija kila mtu huvuta kilicho chake pembeni, kisha biashara ikaendelea.

Mapema mwaka 2008 vijana wa Kibera waliing'oa reli hiyo. Uchaguzi ulikuwa umefanyika tarehe 27 Desemba 2007, matokeo yakatangazwa siku tatu baadaye, na nchi ikawaka moto. Watu zaidi ya 1,100 walipoteza maisha. Katika moto huo ukazuka uvumi kwamba askari wa Uganda wamevuka mpaka na kuingia magharibi ya Kenya. Serikali ya Uganda ilikanusha, lakini Rais Museveni alikuwa amekwisha kumpongeza Rais Kibaki, na kwa wenye hasira hilo lilitosha kuwa ushahidi. Basi mtu aliyeudhika kwa hesabu ya kura yake Nairobi akaitua hasira hiyo juu ya mwenye duka wa Kampala, ambaye hakuhesabu hata kura moja. Mafuta yakaadimika Uganda na Rwanda, na bei zikapanda.

Ni desturi ya binadamu hiyo. Nyumba ikiwa na ugonjwa ndani, wenyewe hutoka nje kumtafuta jirani wa kumlaumu. Wahenga walituonya kwamba kikulacho ki nguoni mwako, lakini nani hupenda kujipekua nguo zake mbele za watu?

Kenya ilipata kuwa na mtu aliyelijua jambo hili kwa maisha yake mwenyewe, wala si kwa vitabu. Naye ni marehemu Joseph Murumbi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje katika miaka ya mwanzo ya uhuru, kisha akawa Makamu wa pili wa Rais wa Jamhuri. Vijana wengi wa leo hulisikia jina lake wakidhani ni la jumba la makumbusho tu. Yafaa tuwasimulie.

MTOTO WA NYUMBA MBILI

Murumbi alizaliwa mwaka 1911 katika Bonde la Ufa. Baba yake alikuwa mfanyabiashara Mgoa aitwaye Zuzarte, na mama yake alikuwa Mmaasai, binti wa mzee wa kimila wa heshima kubwa. Angali mtoto mdogo alipelekwa Bara Hindi kusoma, na huko akakulia katika shule za Wakatoliki. Aliporudi katika miaka ya 1930 alikuwa kijana mwenye elimu ya Kihindi, dini ya Kigoa na damu ya Kimaasai, katika nchi ambayo serikali ya kikoloni ilikuwa imewapanga watu mafungu mafungu kwa rangi zao: Mzungu juu, Mhindi kati, Mwafrika chini.

Sisi watu wa pwani hatuoni ajabu kubwa katika mchanganyiko wa namna hiyo. Mitaa yetu ya Mombasa, Lamu na Malindi imejaa watu ambao babu mmoja alishuka jahazini na bibi mmoja alitoka bara, na wajukuu wote husali msikiti mmoja. Lakini kule Nairobi ya wakati ule mtu alitakiwa achague. Kwa kuchagua upande wa baba angepata nafasi ya Mhindi, mshahara wa Mhindi na makazi ya Mhindi. Murumbi alichagua upande wa mama. Alilitwaa jina la watu wake, akawa Mwafrika kwa hiari yake, na gharama yake akailipa. Mtu wa aina hiyo huwa hapati usingizi mzuri anaposikia mwenzake akiulizwa ni wa wapi.

MIAKA YA MOGADISHU

Mwaka 1941, katika Vita Kuu ya Pili, Waingereza waliwatoa Wataliani Somalia na kuweka utawala wao wa kijeshi. Murumbi alikwenda kufanya kazi ya ukarani katika utawala huo, akakaa huko karibu miaka 10. Hiyo ndiyo iliyokuwa miaka ambayo vijana wa Kisomali walianzisha chama chao mwaka 1943, kikaja kujulikana kama Umoja wa Vijana wa Somalia, wakidai nchi moja kwa Wasomali wote waliokuwa wamegawanywa na mipaka ya wakoloni.

Murumbi aliyaona hayo akiwa jirani yao. Alifanya kazi nao na kuishi mtaa mmoja nao. Kwa hiyo alijua lililo moyoni mwa Msomali kuhusu mpaka, jambo ambalo mawaziri wengine wa Kenya walikuja kulisoma katika taarifa za polisi.

Alirudi Nairobi siku za msukosuko. Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, ikamkamata Mzee Jomo Kenyatta na viongozi wengine wa chama cha KAU. Murumbi, mgeni bado katika siasa, akashika ukatibu mkuu wa muda wa chama kilichokuwa kinavunjwa mbele ya macho yake. Pamoja na rafiki yake Pio Gama Pinto, Mgoa mwenzake kwa asili, walihangaika kutafuta mawakili wa kuwatetea washitakiwa wa Kapenguria. Mwaka 1953 aliondoka kwenda kuieleza dunia mambo ya Kenya. Alipita India na Cairo, akaishia London. Huko alikaa miaka tisa. Alikuwa katibu msaidizi katika chama cha Waingereza waliopinga ukoloni, na baadaye akaajiriwa katika ubalozi wa Morocco, dola ya Kiislamu iliyokuwa imejipatia uhuru wake mwaka 1956. Hata mkate wake wa uhamishoni, basi, aliula mezani pa taifa jingine la Kiafrika.

UWAZIRI

Alirejea mwaka 1962, mwaka uliofuata akachaguliwa Mbunge wa Nairobi Kusini, na Kenya ilipopata uhuru akawa Waziri wa Nchi katika ofisi ya Waziri Mkuu. Jamhuri ilipotangazwa Desemba 1964 alikabidhiwa Wizara ya Mambo ya Nje. Kazi ilikuwa kubwa kuliko watu. Balozi zilitakiwa zifunguliwe, vijana wafunzwe kazi, na nchi changa ijue pa kusimama baina ya mataifa makubwa yaliyokuwa yakivutana.

Lakini mambo mazito zaidi hayakuwa ya mbali. Yalikuwa ya majirani. Juni 1963 Kenyatta, Nyerere na Obote walitangaza nia ya kuunda shirikisho la Afrika Mashariki. Mwaka ukapita na shirikisho halikuonekana. Mwaka 1964 Kongo iliwaka, na Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukamweka Kenyatta kuongoza tume ya upatanishi. Murumbi ndiye aliyeongoza ujumbe kwenda Washington kuiomba Marekani izuie misaada yake ya kivita huko Kongo. Hawakusikilizwa sana. Novemba mwaka huo, wakati mazungumzo yakiendelea Nairobi, askari wa Ubelgiji waliteremshwa Stanleyville kwa ndege za Marekani. Mei 1965 polisi wa Kenya walikamata malori yaliyobeba silaha za Kichina yakitoka Tanzania kwenda Uganda kupitia Nyanza bila ya idhini. Obote mwenyewe alikuja Nairobi kuomba radhi, na jambo likaishia kwa amani. Lingeweza kuishia vibaya, maana kila mmoja alikwisha kuwa na shaka na mwenziwe.

Zito kuliko yote lilikuwa la Somalia. Wananchi wa Mkoa wa Kaskazini Mashariki walio wengi waliiambia tume ya mwaka 1962 kwamba wanataka kuungana na Somalia. Uingereza ilikabidhi uhuru bila ya kulimaliza jambo hilo, na Desemba 1963, siku chache tu baada ya bendera kupandishwa, hali ya hatari ikatangazwa mkoani humo. Vita vya Shifta vilikuwa vimeanza. Kenya, kama nchi nyingine za Afrika katika mkutano wa Cairo wa mwaka 1964, ilishikilia kwamba mipaka iliyorithiwa isiguswe. Msimamo huo ulikuwa na hekima yake, kwa sababu mpaka mmoja ukifunguliwa yote itadaiwa.

Hapo ndipo maisha ya Murumbi yanapouma. Mtu aliyeishi Mogadishu karibu miaka 10 ndiye aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa serikali iliyokuwa vitani na wale aliowajua kwa majina. Desemba 1965 Mwalimu Nyerere aliwakutanisha Kenyatta na Rais Aden Abdullah Osman wa Somalia mjini Arusha, na mazungumzo hayakuzaa kitu. Amani ilikuja kupatikana Oktoba 1967, huko huko Arusha, kwa upatanishi wa Rais Kaunda, na wakati huo Murumbi hakuwamo tena serikalini. Katikati, Wasomali wa Garissa, Wajir na Mandera walikusanywa vijijini chini ya ulinzi, mifugo yao ikapotea, na neno shifta likageuka kuwa jina la Msomali yeyote, hata yule mwenye duka Isiolo ambaye hakupata kushika bunduki. Mwananchi akawa anatazamwa kama jirani mbaya, akiwa ndani ya nchi yake.

UGONJWA WA NDANI

Sumu iliyopikwa kwa ajili ya mpakani haikai mpakani. Tarehe 24 Februari 1965 Pio Gama Pinto alipigwa risasi nje ya nyumba yake Nairobi, binti yake mdogo akiwa garini. Murumbi alimpoteza rafiki na mwalimu wake wa siasa. Machi 1966, katika mkutano wa KANU huko Limuru, Jaramogi Oginga Odinga aliondolewa katika nafasi yake ya makamu wa chama, na Aprili akajiuzulu Umakamu wa Rais na kuongoza chama kipya cha KPU. Katiba ikabadilishwa haraka ili waliomfuata wapoteze viti vyao. Juni mwaka huo huo serikali ikapewa mamlaka mapana ya kumweka mtu kizuizini bila ya kumfikisha mahakamani. Yaliyoanza kama mambo ya dharura kule Kaskazini Mashariki yakawa sasa yanaweza kumfikia mtu yeyote, Kisumu au Nairobi, na kabla mwaka haujaisha wafuasi kadhaa wa KPU walikuwa vizuizini.

Wala tusidhani haya ni ya kwetu peke yetu. Mwaka 1964, Murumbi akiwa katika ofisi ya Waziri Mkuu, Kenya ilianza uhusiano wa kibalozi na Korea ya Kusini, nchi iliyokuwa imetawaliwa na jirani yake Japani tangu 1910 hadi 1945. Mwaka huo huo serikali ya Park Chung-hee ilikuwa inataka kupatana na Japani. Wanafunzi wakajaa barabarani kupinga, amri ya kijeshi ikatangazwa Seoul, na Juni 1965 mkataba ukatiwa saini. Kupatana na jirani ni jambo jema, lakini wananchi waliona wamefungwa mdomo katika jambo lililowauma wao, na kidonda hicho kimekuwa kikitonesheka mara kwa mara tangu hapo. Karibu miaka 60 baadaye, usiku wa tarehe 3 Desemba 2024, Rais Yoon Suk Yeol naye alitangaza amri ya kijeshi akidai kuwasafisha wafuasi wa Korea ya Kaskazini. Safari hii raia walitoka, wabunge wakaingia Bungeni usiku huo huo wakaipigia kura amri hiyo ikafutwa, na Aprili 2025 mahakama ya katiba ikamwondoa Rais huyo madarakani. Jirani alitumiwa kama sanamu ya kutishia ndege shambani, lakini ndege walikuwa wamekwisha kuizoea.

Kenya ya mwaka 1966 haikuwa na Bunge la namna hiyo. Mei mwaka huo Murumbi aliteuliwa Makamu wa Rais mahali pa Odinga. Wengi walidhani amefika kileleni. Kabla ya mwaka kwisha akawa amejiuzulu, na Januari 1967 nafasi hiyo ikapewa Bwana Daniel arap Moi. Murumbi akaenda kuongoza kampuni ya sigara.

Hakupiga kelele. Hakujiunga na KPU, hakuita mkutano, hakuandika barua ya wazi. Mambo ya kugawana ardhi na mali ya umma, pamoja na damu ya Pinto, aliyazungumza miaka mingi baadaye, katika simulizi zilizochapishwa kitabuni akiwa amekwisha fariki. Hapa hukumu za watu hugawanyika. Wapo wasemao kwamba aliyejua na akanyamaza ameshiriki, na kwamba wananchi walistahili kuambiwa na Makamu wao wa Rais kwa nini kiti hakikaliki. Wapo wasemao kwamba katika siku zile, mtu kukataa cheo cha pili katika nchi kulikuwa kunatosha kuwa hotuba. Mwandishi wa makala haya anaona pande zote mbili zina haki yao. Kuondoka kwake kulikuwa ni ushujaa. Kunyamaza kwake kulitugharimu. Waliokuja nyuma hawakujifunza kitu kutokana na kujiuzulu ambako hakukuelezwa, na KPU ilipopigwa marufuku mwaka 1969 hapakuwa na waziri aliyekuwa na mfano wa kuufuata.

ALICHOKIACHA

Nguvu zake zilizobaki alizitia katika kukusanya. Vitabu, mihuri ya posta, nguo, vinyago, mapambo, vyungu, kutoka kila pembe ya Afrika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, pamoja na mkewe Sheila na Mmarekani Alan Donovan, alianzisha jumba la sanaa la African Heritage mjini Nairobi. Kazi ya Mnaijeria iliwekwa kando ya kazi ya Mturkana, na ya Mwethiopia kando ya ya Mkongo. Kile ambacho hakukiweza mezani pa mawaziri, kuwaketisha majirani pamoja bila kutazamana kwa shaka, alikifanya katika chumba cha maonyesho.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 aliiuzia serikali nyumba yake ya Muthaiga na hazina yake ya vitabu na sanaa, akitumaini kwamba hapo pangekuwa chuo cha kuchunguza mambo ya Afrika. Chuo hicho hakikujengwa. Nyumba ilivunjwa na kiwanja kikagawiwa watu. Vitu vyake vilivyonusurika vinaonekana leo katika Nyaraka za Taifa na katika jumba la Nairobi Gallery. Msomaji ukijaliwa kufika Nairobi, tenga saa moja uvione.

Alifariki tarehe 22 Juni 1990. Mwaka huo ulikuwa na mambo yake. Februari waziri mwingine wa Mambo ya Nje, Dakta Robert Ouko, alikuwa ameuawa. Tarehe 7 Julai, wiki mbili tu baada ya Murumbi kufariki, watu walijitokeza Kamukunji kudai vyama vingi, siku inayojulikana hadi leo kama Saba Saba. Murumbi alizikwa City Park, kando ya makaburi alimolala rafiki yake Pinto. Mmaasai-Mgoa na Mgoa wa Nairobi wakawa majirani wa milele.

Turudi Sarang'ombe. Ardhi ya Kibera mwaka 1918 ilitengwa kuwa hifadhi ya kijeshi, wakakaa humo askari Wanubi wenye asili ya Sudan waliolitumikia jeshi la Waingereza. Hao ni Waislamu wenzetu, na misikiti yao imesimama Kibera kwa vizazi. Lakini wajukuu na vitukuu wa askari hao walikuwa wakienda kutafuta kitambulisho wakiulizwa baba wa baba alitoka wapi, na mwaka 2015 tume ya Afrika ya haki za binadamu iliona kwamba Kenya imewakosea. Mwaka 2017 walipewa hati ya ardhi ya ekari 288, baada ya miaka karibu 100. Wapwani wenye majina ya Kiarabu, Kibajuni au Kisomali hawahitaji kuelezwa uchungu wa foleni hiyo. Na kama kijana Joseph Zuzarte angesimama humo na jina la baba yake, naye angeambiwa akae pembeni.

Chuoni tulifunzwa kwamba jirani ni nyumba arobaini kila upande, na haki yake haingoji mpaka awe wa kabila letu au dini yetu. Serikali ikimnyima jirani wa ndani haki yake, haitakawia kumchukia wa nje. Na ikimchukia wa nje, atakayeumia kwanza ni wa ndani. Marehemu Murumbi aliyaona yote mawili yakipita mezani kwake. Reli ya Kibera nayo ilitengenezwa, na gari moshi likapita tena, watu wakivuta nyanya zao pembeni. Uchaguzi mwingine utakuja, na hasira zake. Siku hiyo itafaa tukumbuke kwamba mwisho wa reli ile yuko mtu ambaye hajatukosea kitu.